Uzazi wa Kuazima

Uliyenikosa wiki zilizopita, sogea hapa karibu nikudokezee, kisha twende pamoja.

Jina langu ni Mwanatumu binti Chirau. Mimi ni afisa wa afya ya umma, nimeajiriwa na serikali. Kazi yangu ni kukagua majiko ya hoteli, kuanzia Diani hadi Galu, na kuwahimiza kina mama wa vijijini wahudhurie kliniki. Mume wangu ni Swabir, fundi wa kuezeka makuti. Miaka sita ya ndoa, hatukuruzukiwa mtoto.

Mdogo wangu wa tumbo moja, Hasina, akashika mimba kabla ya kuolewa, na mwanamume aliyempa akaruka kimanga. Mama yetu, Bi Twaiba, alilia mchana kutwa. Alipofuta macho akatoa hukumu: mtoto atazaliwa kwa jina langu. Hasina atasitirika, nami nitapata wa kuniita mama.

Nikawa najifunga vitambaa tumboni chini ya buibui. Hasina tukamficha kijijini Waa kwa shangazi. Uchungu ulipomjia ulimshinda, akapasuliwa hospitalini kwa jina langu na kadi yangu ya bima, maana mimi na yeye tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Serikali ikanipa likizo ya uzazi, miezi mitatu kwa mshahara kamili. Nikalala kitandani mzima wa afya, nikakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga mbele ya wageni. Hasina na mshono wake alikuwa chumba cha nyuma, kifua kimemjaa maziwa, akiuma mto asisikike. Mtoto tukamwita Issa. Arubaini ilipotimia mama akampeleka Hasina kisiwani Wasini kwa jamaa zetu, maziwa yakamkaukie huko.

Nikarudi kazini. Haukupita muda, ndani ya jiko la hoteli moja ya Galu, harufu ya pweza ikanipanda kichwani nikatapika kwenye sinki la kuoshea mboga. Mkaguzi wa usafi huyo! Mwenzangu Kadzo akanishika kiuno, akanikazia macho, akaniuliza swali moja.

Swali lenyewe lilikuwa hili.

"Mwanatumu, mara ya mwisho kuziona siku zako ilikuwa lini?"

Miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa nikihesabu mpaka nikachoka, na kitu ambacho hakiji mwishowe mtu huacha kukingojea.

"Labda ni malaria, dada Kadzo."

"Malaria gani ya kuchukia pweza? Mimi nimezaa watano, mdogo wangu. Hiyo ni mimba."

Mpishi aliyekuwa akikaangiza karibu yetu alijifanya hasikii. Kadzo akanitoa nje kwa mlango wa wafanyakazi, akaninawisha uso kwa maji ya chupa, huku mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Na nyinyi Wadigo ndio mnaotusema sisi wa Kinango kuwa hatuna haya! Haya, niambie. Arubaini mliikamilisha, au Bwana Swabir aliruka ua?"

Nilicheka naye. Nilicheka kwa sababu ndani yangu kulikuwa na furaha ambayo sijapata kuijua. Mimba! Yangu mimi, si ya vitambaa. Nikajishika tumbo juu ya buibui, mahali palepale nilipokuwa nikijishika kwa uongo, na machozi yakanitoka.

Furaha hiyo haikumaliza hata ile chupa ya maji.

"Basi itabidi nimuwahi Bwana Chengo kabla yako," Kadzo alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bwana Chengo ndiye mkuu wetu.

"Umuwahi kwa nini?"

"Kwa likizo. Safari hii ukitangulia wewe, mimi nitakosa tena."

"Tena? Ulikosa lini?"

Kadzo alikaza kizibo cha chupa, akakilegeza. "Mama alipozidiwa. Niliomba nikamuuguze. Bwana Chengo akaniambia Mwanatumu amejifungua, ofisi haiwezi kubaki tupu, ngoja arudi. Nikangoja. Mama akafa akiniulizia."

Habari za msiba nilikuwa nazo. Nilituma rambirambi kwa simu, kutoka kitandani pangu pa uzazi, na Kadzo akanijibu, "Ahsante, mpakate mtoto kwa niaba yangu." Habari za kunyimwa ruhusa hakuniambia mtu.

"Dada Kadzo, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtoto ni mtoto. Mtu halaumiwi kwa kuzaa."

Laiti angenitukana siku ile. Ningejua pa kuuweka uso wangu.

* * *

Swabir alirudi na vumbi la makuti hadi kwenye nyusi. Nilimngoja aoge, nikamwambia. Alianguka pale pale sakafuni akasujudu sijda ya shukrani, na aliponyanyua kichwa alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Akamchukua Issa mkekani, akamrusha juu.

"Issa, unapata mwenzio! Wasikia?"

Kisha akatulia. Akamrudisha mtoto mkekani taratibu, akakaa kitako.

"Tumu. Watu watahesabu."

"Najua."

"Watahesabu waone imeingia ndani ya arubaini yako."

"Arubaini gani, Swabir? Mimi sikuzaa."

"Hilo tunalijua mimi na wewe na mamako. Mtaa mzima ulikuja kukuona kitandani. Babangu amesomesha madrasa maisha yake yote. Leo waseme mwanawe hakuweza kumngojea mkewe mzazi apoe? Bora niitwe mwizi wa mbuzi!"

Ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine. Kwa Mungu tulikuwa halali, mke na mume ndani ya nyumba yetu. Kwa majirani tulikuwa watu wasiojua haya. Na njia ya pekee ya kujitoa kwenye aibu hiyo ilikuwa kusema ukweli, na ukweli ulikuwa unanitoa kazini na kunipeleka mahakamani, na kumuanika Hasina kwenye kila baraza la pwani.

Mnamjua msemaji aliyesema nguo ya kuazima haisitiri matako? Alikuwa akinisema mimi.

Mama alikuja kesho yake. Alikuwa ameshapigiwa simu na Swabir, maana mume wangu akibanwa hukimbilia kwa mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka nikutazame."

Akanigeuza mbele na nyuma. Aliposhika tumbo langu mdomo ulimtetemeka, nami nikajua amefurahi. Lakini mama yangu ni mwanamke ambaye furaha huiweka kabatini mpaka wageni waondoke.

"Utakwenda Wasini," alisema. "Tumbo likianza kutokeza utaomba ruhusa ya ugonjwa. Utazaa hukohuko kwa mkunga. Mtoto atabaki na jamaa mpaka watu wasahau kuhesabu, kisha tutasema umemchukua kumlea."

"Nimlee? Mama, huyu ni mtoto wangu wa ndoa! Nimemwomba miaka sita!"

"Ndiyo maana anaweza kungoja. Yule mwingine hangeweza."

Swabir alikuwa akitazama miguu yake. Nilimngoja aseme neno. Naye alikuwa akiingoja miguu iseme.

"Na kliniki?" niliuliza.

"Kliniki gani? Huko umeandikwa kuwa umepasuliwa. Ukalale kwa daktari, afunue tumbo alikute halina hata mkwaruzo? Wewe utaingia jela, na mdogo wako ataingia vinywani mwa watu. Hakuna kliniki."

Mimi ninayesimama mbele ya wanawake wa Waa na kuwaambia, "Mama mjamzito asiyekwenda kliniki anacheza na roho mbili," nilikubali. Nilisema, "Vyema, mama," kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Nilidhani hapo ndipo tumefika mwisho wa maudhi ya siku hiyo. Simu ikalia. Alikuwa Hasina, kutoka Wasini.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Mama ameniambia. Hongera."

"Ahsante."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Umepata wako sasa," alisema. "Nirudishie wangu."

"Hasina..."

"Sitaki kitu kingine. Sitaki kusitiriwa. Nikilala ninamsikia akilia, na maziwa mama aliyosema yatakauka hayajakauka. Dada, nirudishie mtoto wangu."

Issa alikuwa mapajani mwangu, amenishika kidole. Nilimpenda. Hilo sikupata kulisema wiki zilizopita na sasa nalisema: nilimpenda mtoto yule kama niliyemtoa mwenyewe, na swali la Hasina lilinifanya nimkumbatie kwa nguvu badala ya kumjibu mamake. Nilikata simu. Akapiga tena, nikaizima.

* * *

Bwana Chengo alituita ofisini sote wawili, mimi na Kadzo. Kadzo alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda Kinango kumaliza matanga ya mamake. Habari yangu nayo ilikuwa imemfikia mkuu. Jiko la hoteli halina siri.

"Ofisi hii ina maafisa wawili," Bwana Chengo alisema. "Mmoja anazaa, mwingine anazika. Mimi nifanye kazi na nani?"

"Mimi nahitaji muda mfupi tu, mkuu," alisema Kadzo. "Niwahi kugawana nguo za marehemu na dada zangu, nirudi."

"Huyu mwenzako akija na barua ya uzazi, sheria inanilazimisha nimpe. Hata akizaa kila mwaka kama sungura nitampa, kwa mshahara. Wewe sheria hainilazimishi. Ndiyo serikali, Bi Kadzo."

Alinitazama mimi aliposema sungura. Kadzo alitazama chini. Niliona vidole vyake vinakunja pindo la leso, na nikawaza kuwa hivyohivyo ndivyo alivyokaa kitini siku ile aliyoambiwa angoje Mwanatumu arudi.

"Mpe ruhusa, mkuu," nilisema. "Hoteli zake nitazikagua mimi."

"Na hali yako hiyo?"

"Mimi mzima."

Bwana Chengo akainua mabega. "Msije mkanililia."

Nje, Kadzo alinikumbatia. "Mwenyezi Mungu akuzidishie, mdogo wangu. Akulindie hicho kilichomo."

Kila dua aliyoniombea ilinichoma. Nilijiambia nalipa deni. Nilikuwa najidanganya, maana deni lenyewe mwenye kudai hakulijua, na mtu halipi deni kwa kulificha.

Basi nikawa mtu wa kazi mbili. Asubuhi Diani, mchana Galu. Nilipanda ngazi za chuma kutazama matangi ya maji juu ya mapaa, nikashuka kwenye maghala ya chini yenye joto la tanuri. Niliinama kuchungulia mitaro. Wapishi walinikaribisha viti, nikakataa. Kiuno kilianza kuniuma, nikajipaka mafuta ya karafuu. Swabir aliniambia nipumzike, nikamuuliza nitapumzika kwa likizo gani, niliyokuwa nayo si nilishaila?

Hakurudia kuniambia.

Kadzo alirudi Jumatatu. Aliingia ofisini uso umenawiri kama mtu aliyetua mzigo. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Tumemaliza salama," alisema. "Nguo za mama tumegawana. Dada zangu walipigania zile mpya. Mimi nikachukua hii."

Akatoa leso. Ilikuwa kuukuu, rangi nyekundu imefifia ikawa kama udongo, na pindo moja limeshonwa kwa mkono.

"Wanangu wote watano mama aliwabebea kwa leso hii. Wa sita sizai tena. Mbebee wako."

"Siwezi kuipokea, dada Kadzo. Hii ni ya mamako."

"Ndiyo maana nakupa. Mama nilimkosa kwa ajili ya mtoto wako wa kwanza. Lakini huyu wa pili abebwe kwa leso yake, moyo wangu utapoa."

Alinifunga kiunoni kwa mikono yake. Nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua kinywa. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Badala ya neno likaja jambo jingine. Kitu cha moto kilishuka mapajani. Nikatazama chini, sakafu ya ofisi ilikuwa na matone ya damu.

* * *

"Nipeleke nyumbani kwa mama," nilimwambia Kadzo.

"Una wazimu? Msambweni, hospitali!"

"Dada Kadzo, nakuomba, nipeleke kwa mama."

Hakunisikiliza. Kadzo akishaamua ni kama trekta. Aliita dereva wa ofisi, akanibeba nusu, akaniingiza garini. Njia nzima alikuwa akinipapasa mgongo na kumwomba Mungu kwa Kiduruma, nami nilikuwa nikiomba kwa lugha yangu jambo ambalo sijui kama linaombeka: nifike salama, na nisifike.

Mlangoni, kabla sijatia neno, alikuwa ameshatoa kadi kwenye mkoba wangu. Ametaja jina. Amesema, "Alijifungulia hapahapa, mna habari zake zote."

Walikuwa nazo.

Daktari alikuwa kijana wa bara, sauti ya upole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisoma kwenye kompyuta, akanigeukia haraka.

"Mama, wewe ulipasuliwa hapa. Hata nusu mwaka haujaisha."

Nikageuzia macho ukutani.

"Nani alikuruhusu kushika mimba juu ya kidonda kibichi? Kliniki umekwenda?"

"Hakwenda," alijibu Kadzo kwa niaba yangu. "Anafanya kazi ya watu wawili. Kosa ni langu, daktari, mimi ndiye niliyeondoka."

"Hebu fungua leso niuone mshono."

Nilishika leso kwa mikono miwili.

"Hakuna daktari mwanamke?"

"Yuko chumba cha upasuaji. Mama, sina muda. Fungua."

"Basi nitamngoja."

Alivuta kiti akakaa, uso wake karibu na wangu. Hakupaza sauti. "Nisikilize vizuri. Una damu inatoka, mashine ya picha imeharibika, na faili lako linasema una mshono mpya. Nisipoutazama itanibidi niamini umeachia kwa ndani. Mshono ukiachia, mama hufa. Kwa hiyo nitakuingiza ndani sasa hivi nikufungue, na nikikufungua, mimba hii haibaki. Labda hata kizazi hakitabaki. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko alivyojielewa mwenyewe. Mwanangu niliyemwomba miaka sita alikuwa anakwenda kufa kwa ajili ya kovu lililo tumboni kwa mtu mwingine, kisiwani Wasini.

"Mwachie daktari, mdogo wangu," alisema Kadzo. Alikuwa amenishika mkono. "Stara ni nzuri, lakini mtoto kwanza. Mimi nipo hapa, sitoki."

Nilimfikiria Hasina. Nilimfikiria mama, na Swabir na miguu yake. Nilimfikiria Issa, nani atampakata jioni. Kisha nikahisi, au nilidhani nimehisi, kitu kidogo mno kinanigusa kwa ndani, chini ya kitovu, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kusumbua.

Nikaifungua leso mwenyewe.

Daktari aliinama. Alipapasa chini ya kitovu, kulia, kushoto. Akawasha taa ya pembeni akaisogeza. Akapapasa tena, mara hii kwa kidole kimoja, kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa. Akaitazama kompyuta, akanitazama usoni.

"Hapa hapajakatwa," alisema.

Akasimama wima.

"Mama, hujawahi kupasuliwa wewe. Tumbo hili..." Alisita. "Tumbo hili sidhani kama limewahi kuzaa. Wewe ni nani?"

"Ndiye mimi," nilisema. "Mwanatumu Chirau. Faili ndilo lisilo langu. Usinifungue, daktari. Hakuna mshono. Mwokoe mtoto."

Yametoka. Miezi yote ile ya vitambaa na maji ya moto na uji wa pilipili, na yametoka kwa maneno machache kiasi hicho.

Mkono wa Kadzo ulikuwa bado kwenye mkono wangu. Haukunibana wala haukuondoka, ulikuwa pale tu, mzito. Nilihisi unavyopoa. Kisha akauvuta taratibu, akaupangusa kwenye nguo yake.

Daktari hakuwa na nafasi ya mambo yetu. Alinimwagia kitu cha baridi tumboni, akachukua kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto, akaanza kukitembeza. Kifaa kilitoa mkwaruzo mtupu, kama redio iliyopoteza stesheni.

"Mwanatumu," alisema Kadzo.

Sikuthubutu kugeuza kichwa.

"Mwanatumu, nitazame."

Nikamtazama. Alikuwa ameokota leso ya mamake ubavuni mwangu. Upande mmoja ulikuwa umelowa damu yangu. Aliikunja mara mbili, akaiweka kifuani, na machozi yalikuwa yakimshuka bila uso kubadilika.

"Siku mama anakata roho Kinango anauliza Kadzo yuko wapi," alisema, "wewe ulikuwa kitandani na uzazi gani?"

Daktari aliinua mkono.

"Nyamazeni," alisema. "Nyamazeni nisikie."

Kadzo aliuziba mdomo wake kwa leso. Kifaa kilishuka chini, kikapanda, kikasimama, na mkwaruzo uliendelea.